Mteja anaikataa nembo mpya: umbadilishie mara moja au hatua kwa hatua?

Asubuhi ya Julai, magari ya safari yanapopishana karibu na Mnara wa Saa wa Arusha, milango yake ni maonyesho tosha ya kazi zetu wabunifu. Tembo, twiga, mgunga, jua linalozama, Kilimanjaro yenye theluji, na mara nyingi vyote vitano vimebanwa ndani ya duara moja. Wenye kampuni wengi wanajua kwamba duara hilo halimtofautishi tena mtu na jirani yake. Wanakuja wenyewe, wanasema wanataka kitu kipya, wanalipa kianzio. Mchoro ukifika kwenye simu zao wanauliza: "Sasa twiga wetu yuko wapi?"

Hapo ndipo kazi ya ubunifu inapoanza kuwa ngumu, na hapo ndipo wengi wetu tunachagua njia kwa mazoea. Mmoja anabishana, mwingine anarudisha twiga siku hiyohiyo ili alipwe. Nataka kuziweka njia kubwa bega kwa bega, niseme ipi inafaa kwa mteja yupi, hasa kwa kazi zinazotoka Arusha na Moshi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: njia ya kumvusha mteja haichaguliwi kwa uzuri wa mchoro. Inachaguliwa kwa kutazama nani atakayebeba gharama ya mabadiliko, na gharama hiyo ni ya aina gani.

Anachokataa mara nyingi si mchoro

Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walichapisha utafiti wao uliokuja kuwa maarufu, ulioonyesha kwamba uchungu wa kupoteza kitu humwelemea mtu kuliko furaha ya kupata kitu cha thamani ileile. Mwaka 1988 wachumi William Samuelson na Richard Zeckhauser wakaonyesha kwa majaribio kwamba watu wakipewa machaguo kadhaa, lile lililopo tayari hupendelewa kwa sababu tu lipo. Kwa hiyo mteja anayesita hana tatizo la akili wala la ladha. Twiga wake anamjua. Amekula naye chumvi tangu kampuni ikiwa na gari moja la kukodi. Kipya unachomletea bado hakijamwingizia hata mgeni mmoja.

Ninapoisikiliza sauti ya kukataa, naona gharama za aina tatu.

Ya kwanza ni pesa. Nembo ya kampuni ya safari haikai kwenye kompyuta. Iko kwenye stika za milango, kava la tairi la akiba, fulana za madereva, jaketi za wapagazi, kibao cha ofisi, brosha, muhuri. Mbunifu akishalipwa anaondoka. Mwenye kampuni ndiye atakayepeleka gari mojamoja kwa fundi wa stika wakati huohuo gari linatakiwa Seronera, ndani ya Serengeti, kesho yake.

Ya pili ni heshima. Nembo ya zamani huenda ilichorwa na marehemu baba, au mtoto wa dada aliyekuwa chuoni, au rafiki aliyejitolea wakati hakuna aliyeamini kwamba kampuni itasimama. Ukisema mchoro ule ni mbaya, umemsema mtu. Na mtu huyo pengine picha yake imetundikwa ukutani nyuma ya kiti ulichokalia.

Ya tatu ni kumbukumbu za watu wengine. Kuna wakala wa Ujerumani au Uholanzi aliyekuwa akituma wageni kwa miaka, na kuna mgeni anayetua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, usiku, amechoka, anatafuta kibao chenye mchoro aliouona kwenye barua pepe. Huyo mgeni hakualikwa kwenye kikao cha nembo mpya, lakini ndiye atakayebabaika pale mlango wa kutokea.

Njia yangu ya kuzitenganisha gharama hizi ni swali moja, nikiuliza taratibu baada ya chai: "Mzee, tuseme kesho nembo hii haionekani popote. Nani atakuwa wa kwanza kulalamika?" Akisema mhasibu, tuna suala la pesa. Akimtaja mama yake au mshirika aliyeanza naye, ni heshima. Akisema wakala, au wageni wanaorudi kila mwaka, ni kumbukumbu. Akikaa kimya kwa muda kisha akasema "Hakuna," basi hofu yake iko kwako wewe: bado hajaamini kwamba unaijua biashara yake.

Nasisitiza swali hili kwa sababu huku kwetu mteja hakuambii "hapana". Anasema "Ni nzuri, ngoja nimwonyeshe mwenzangu." Anasema "Tutaangalia." Tiki mbili zinageuka bluu na jibu haliji. Kimya hicho ni upinzani kamili, na ukikihesabu kama shughuli nyingi utasubiri mpaka msimu uishe.

Mara moja, au hatua kwa hatua

Huu ndio uamuzi mkubwa, na mimi naona umechanganywa vibaya, kwa hiyo nitakaa nao.

Kubadilisha mara moja maana yake ni kwamba siku fulani ya zamani inatoka, mpya inaingia, kila mahali. Tunaijua njia hii vizuri kwa sababu kampuni za simu zimetupitisha humo. Celtel ikawa Zain mwaka 2008, Zain ikawa Airtel mwaka 2010. Vodacom iliacha bluu ikavaa nyekundu mwaka 2011. Tigo ikawa Yas mwaka 2024. Jina, rangi, vibanda, miavuli ya mawakala, vyote vikageuka. Watu walinung'unika, wakazoea, wakaendelea kutuma pesa.

Ila tazama kilichobaki. Aliyekuwa na namba ya 0784 ya Celtel alibaki na 0784 ile ile hadi Airtel. Laini haikufa, salio halikupotea, ndugu zake kijijini hawakuhitaji namba mpya. Kampuni ilibadilisha kila kitu isipokuwa kile ambacho mteja alikuwa amekishika mkononi.

Sasa linganisha na Tropicana, juisi ya machungwa iliyokuwa ya PepsiCo wakati huo huko Marekani. Januari 2009 walitoa pakiti mpya, wakaondoa picha iliyozoeleka ya chungwa lililochomwa mrija. Ndani ya miezi miwili mauzo yalishuka kwa asilimia 20 hivi, na pakiti ya zamani ikarudishwa. Juisi ilikuwa ileile. Tatizo lilikuwa rafuni: mnunuzi aliyezoea kunyoosha mkono bila kusoma hakuiona juisi yake. Mwaka uliofuata, Oktoba 2010, kampuni ya nguo ya Gap nayo ilitoa nembo mpya na kuiondoa baada ya wiki moja hivi kwa sababu ya malalamiko.

Kwa hiyo faida ya mara moja ni kweli: unapata habari moja ya kutangaza, unachapisha mara moja, hakuna nembo mbili zinazozagaa mjini. Inafaa sana pale ambapo jina lenyewe limebadilika, au mmiliki amebadilika, au biashara ilichafuka na inataka kuanza upya. Hatari yake ni pale unapobadilisha bila kuacha chochote cha kushika. Kabla ya kumshauri mteja aende mara moja, niambie kwanza 0784 yake ni ipi. Jina la kampuni? Rangi ya magari? Anwani ya tovuti? Ukikosa jibu, usimpeleke huko.

Hatua kwa hatua ina mifano yake pia, na iko mifukoni mwetu. Miduara miwili ya Mastercard imekuwepo tangu miaka ya 1960. Mwaka 2016 waliisafisha, mwaka 2019 wakaliondoa jina, miduara ikabaki peke yake, na kila mwenye kadi ya benki akaendelea kuitambua. Kombe la Shell, lile ganda la baharini kwenye vituo vyao vya mafuta, limekuwa likichorwa upya tangu mwaka 1904, kila mara likipunguzwa mistari, hadi mwaka 1971 mbunifu Raymond Loewy alipolifikisha karibu kabisa na lile tunalolijua. Loewy alikuwa na kanuni aliyoifanyia kazi maisha yake yote: mpe mtu kilicho cha mbele kabisa kadiri atakavyoweza kukipokea, usipite hapo. Hiyo kanuni ingefaa kubandikwa ukutani katika kila chumba cha ubunifu Arusha.

Faida ya hatua kwa hatua ni pesa na utulivu wa moyo. Stika mpya inakuja ya zamani ikifubaa, fulana mpya inakuja ya zamani ikichakaa. Hasara yake ni kwamba kwa muda wateja wanaona sura mbili. Hasara kubwa zaidi, ambayo hatuisemi, ni kwamba mteja husimama katika hatua ya kwanza. Ukisafisha twiga akapendeza, hatua ya pili na ya tatu hazitakuja kamwe.

Mchanganyiko wenyewe uko hapa. "Hatua kwa hatua" ni mambo mawili tofauti yaliyovaa jina moja. Kuna kubadilisha mchoro kwa hatua, yaani leo umetoa jua, mwakani umetoa duara, mwaka wa tatu umegeuza maandishi. Na kuna kubadilisha mchoro mara moja lakini kuusambaza kwa hatua, vitu vinapochakaa. La kwanza linafaa Mastercard, yenye timu ya wabunifu wa kudumu na uvumilivu wa miaka. Kwa kampuni yenye magari manane na mbunifu wa kukodiwa, ni mtego. Kila hatua itakuwa kazi mpya, malipo mapya, na mabishano mapya, na mbunifu wa hatua ya tatu huenda si yule wa hatua ya kwanza.

Kwa wateja wetu wengi nachagua la pili: uamuzi mmoja, mchoro mmoja mpya wenye undugu unaoonekana na ule wa zamani, na usambazaji wa taratibu. Undugu ndio sharti. Kama gari namba tatu bado lina stika ya zamani na gari namba nne lina mpya, mgeni akiyaona pamoja Naabi, geti la Serengeti, asiwe na shaka kwamba ni kampuni moja. Twiga akibaki, ingawa amechorwa kwa mistari michache, shaka hiyo haipo. Ukimleta kifaru wa zambarau, huna tena usambazaji wa taratibu. Umerudi kwenye mara moja bila kujua.

Mpangilio wa usambazaji nao una akili yake. Vinavyoonekana na mgeni kabla hajafika hubadilishwa pamoja, siku moja: tovuti, barua pepe, ankara, kibao cha kumpokelea KIA. Hivi ni vya bei nafuu na ndivyo vinavyomchanganya akiona sura mbili. Magari husubiri masika. Machi hadi Mei magari mengi yako gereji, yanapigwa rangi, yanabadilishwa spring. Stika ikipachikwa hapo haimkoseshi mtu safari. Uamuzi wenyewe upatikane Januari au Februari. Kati ya Juni na Oktoba usimguse mteja wa utalii kwa habari ya nembo. Hata akikubali, anakubali ili umwache.

Tukiwa hapo kwenye tovuti, ukiijenga upya hakikisha anwani za kurasa za zamani zinaelekezwa kwenye mpya. Wakala aliyehifadhi kiungo cha safari ya siku sita akibonyeza akakuta ukurasa haupo, umeshampa mteja wako sababu halali ya kuchukia mabadiliko yote.

Upande wa sheria pia unatofautisha njia hizi. Ukigusa jina la kampuni, mteja anaingia BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TRA (mamlaka ya mapato), benki na kwenye leseni ya TALA, ile ya biashara ya utalii. Ukigusa mchoro tu, safari hiyo nyingi inamwepuka. Lakini kama nembo imesajiliwa BRELA kuwa alama ya biashara, ulinzi ni wa mchoro uliopelekwa. Mchoro mpya kabisa huombewa upya. Muulize mteja swali hili siku ya kwanza, kwa sababu ni gharama asiyoikumbuka mpaka mwanasheria wake amkumbushe, na akikumbushwa baadaye atahisi ulimficha.

Mchoro mmoja, au mitatu

Mwaka 1986 Steve Jobs alimwendea Paul Rand, mbunifu mkongwe wa Marekani, amchoree nembo ya kampuni yake ya NeXT. Alitaka machaguo kadhaa. Rand alikataa: angeleta jibu moja, Jobs aitumie au asiitumie, malipo yapo palepale. Alilipwa dola 100,000, akaleta mchoro mmoja pamoja na kitabu kilichoeleza hatua kwa hatua namna alivyoufikia, na Jobs akaupokea.

Kisa hiki husimuliwa sana na wabunifu vijana, na nakipenda, lakini kinasimuliwa nusu. Rand alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 70 na kazi za IBM, UPS na ABC nyuma yake. Imani ililetwa na historia hiyo kabla hajafungua mdomo. Kijana mwenye kompyuta ndogo huku mtaa wa Sakina, Arusha, anayekutana na mteja kwa mara ya kwanza, akisema "Ni huu tu," mteja anasikia kiburi. Tunachoweza kuiga kwa Rand ni kile kitabu: kueleza njia kabla ya kuonyesha mwisho.

Michoro mitatu nayo ina ugonjwa wake unaojulikana. "Chukua twiga wa kwanza, maandishi ya pili, rangi ya tatu." Unaishia na mchoro wa nne usio na mwenyewe. Hutokea kwa sababu tunaleta mawazo matatu tofauti, na mteja anayachanganya kama anavyoruhusiwa.

Ninayoitetea ni mitatu iliyopangwa kwa umbali. Wa kwanza ni ule wa zamani wenyewe, umesafishwa tu, umechorwa upya kwa vekta, yaani mchoro wa kompyuta unaokuzwa bila kupoteza ubora. Wa pili umekwenda mbali kiasi. Wa tatu umekwenda kadiri unavyoamini biashara inahitaji. Chini ya kila mmoja andika kinachofuata kwa pesa: huu hauhitaji kugusa magari, huu unahitaji magari ndani ya miaka miwili, huu unahitaji yote masika haya. Mteja hapo hachagui mnyama, anachagua umbali. Wengi husimama katikati, na wanasimama kwa kujua gharama yake, kwa hiyo hawarudi nyuma wiki inayofuata. Mchoro wa zamani kuwepo mezani ukiwa umetunzwa vizuri humwonyesha pia kwamba hukuja kumzika mtu.

Ila penye suala la heshima leta mmoja. Mjane au mshirika mkongwe akiwekewa mitatu ataona alama ya mumewe au rafiki yake inapigwa mnada. Leta mmoja, mwonyeshe yeye kwanza kabla ya wakurugenzi wengine, na umwambie ni kitu gani cha marehemu kimebaki ndani yake.

Ushahidi, au mazungumzo

Ushahidi bora tulio nao hauhitaji utafiti mkubwa. Chukua nembo ya zamani uipeleke kwa mchonga mihuri. Duara lenye wanyama, mti na mlima likigongwa kwenye barua linatoka doa jeusi. Ipeleke kwa mdarizi aishone kwenye kofia: nyuzi haziwezi kubeba machweo yanayotoka njano kwenda nyekundu. Iweke kwenye kile kiduara cha WhatsApp ambamo wateja wengi wanaiona kwanza. Kisha igonge, uidarizi na uiweke ile mpya vivyo hivyo. Mweleze mteja kidogo, mwachie kofia mbili mezani. Vitu hivi havimwambii kwamba ladha yake ni mbaya. Vinamwonyesha kazi ambayo nembo imeshindwa kuifanya.

Ushahidi wa maoni ni jambo jingine, na hapa naonya. Mwaka 1985 Coca-Cola iliwaonjesha watu karibu 200,000 ladha mpya, wengi wakaipendelea, na tarehe 23 Aprili ikatangazwa kuchukua nafasi ya ile ya zamani. Siku 79 baadaye ya zamani ilirudishwa kwa hasira za wanywaji. Watu hao waliulizwa ipi tamu zaidi. Hawakuulizwa watajisikiaje wakiikosa ile waliyokua nayo. Soda hiyohiyo hujazwa hapa Moshi na Bonite, na sidhani kuna mtu wa mji huu asiyeelewa hasira ile.

Kwa hiyo usiwapange madereva ukawauliza ipi nzuri. Watampenda twiga wao, au watapendelea wanachodhani bosi anataka. Simama ng'ambo ya barabara na mtu asiyeijua kampuni, gari lipite, muulize: "Hilo lilikuwa gari la nani?" Jibu la swali hilo lina manufaa kwa mteja kuliko kura mia za uzuri.

Ushahidi unamaliza hoja ya pesa, na mara nyingi hoja ya kumbukumbu. Hoja ya heshima hauigusi. Mtu anayelinda mchoro wa baba yake ukimwekea kofia mbili mezani umemwaibisha kwa vithibitisho. Huyo mpe muda. Mwombe akusimulie nembo ilipatikanaje, andika anachosema. Mara kadhaa nimesikia katika hadithi hiyo kitu chenye nguvu kuliko twiga: jina la shamba, rangi ya gari la kwanza, mti uliokuwa nje ya ofisi. Nembo mpya ikitoka humo, mteja anaona imetoka kwao.

WhatsApp, au ana kwa ana

Hapa sina mengi. Usitume mchoro wa kwanza kwa WhatsApp. Picha inapunguzwa ubora, inasambazwa kwenye kundi la familia, inahukumiwa na shemeji aliyeko Dar es Salaam bila neno hata moja la maelezo, na hukumu hiyo inarudi kwako ikiwa imeshakuwa uamuzi. Chapisha kwenye karatasi, nenda. Kama uko Arusha na mteja yuko Moshi, ni kilomita 80 tu, mabasi yapo kutwa. Marekebisho madogo baada ya makubaliano, hayo yatume kwa simu bila wasiwasi.

Ipi kwa nani

Kampuni ya safari yenye magari mengi na mawakala wa nje: gharama ni pesa na kumbukumbu. Michoro mitatu ya umbali, uamuzi mmoja, usambazaji wa taratibu kuanzia masika, na barua kwa mawakala yenye nembo zote mbili kabla mgeni yeyote hajaiona mpya.

Kampuni ya kupandisha watu Kilimanjaro iliyorithiwa na kijana Moshi: usidanganywe na kijana anayetaka kuanza upya kabisa. Anayepinga hayupo kwenye kikao, yuko nyumbani Kibosho au Machame, na neno lake ndilo la mwisho. Omba kwenda kumwamkia kabla ya kuchora. Mchoro mmoja.

Mama anayeuza kahawa au asali kwenye pakiti: hapa mkumbuke mnunuzi wa Tropicana. Rangi ya pakiti na mahali jina lilipokaa visiguswe katika toleo la kwanza. Boresha maandishi, weka uzito na maelezo yasomeke, ondoa picha iliyonakiliwa mtandaoni. Na kumbuka uko Moshi, mji ambao chama chake cha ushirika wa kahawa, KNCU, kipo tangu mwaka 1933. Mteja akikwambia jina la kahawa lina historia, anasema kweli, na historia hiyo ni mali inayouzika.

Hoteli ndogo iliyonunuliwa na mtu mpya: mara moja, hata kama mnunuzi anaona huruma. Wageni waliokuwa na malalamiko na mmiliki wa kwanza wanahitaji kuona wazi kwamba pamebadilika.

Shule ndiyo mfano ninaoujali zaidi, kwa sababu anayelipa hayupo mezani kabisa. Bodi inaidhinisha beji mpya, na mzazi wa Ngarenaro ndiye anayenunua sweta tatu. Mbunifu ana wajibu wa kulisema hilo kwenye kikao hata kama halimhusu. Beji mpya ianze na wanafunzi wa kidato cha kwanza, waliopo wamalize na sare zao. Kwa miaka michache shule itakuwa na beji mbili, na hakuna atakayepotea.

Wapo pia wateja ambao upinzani wao ni sahihi. Unauliza lile swali, unapiga muhuri, unasimama ng'ambo ya barabara, na unakuta nembo ya zamani inafanya kazi yake. Mwambie hivyo. Isafishe, mpe faili la vekta, toleo la rangi moja kwa ajili ya muhuri na udarizi, mtoze kazi hiyo, umwache na twiga wake.

Kwa njia yoyote utakayochagua, makubaliano yaandikwe kabla ya kianzio kulipwa: nani mwenye neno la mwisho kwa jina lake, marekebisho mangapi yamo ndani ya bei, na malipo ya pili yanatolewa mchoro unapokubaliwa, siyo magari yanapomaliza kubandikwa stika. Ukifunga malipo yako kwenye usambazaji wa miaka miwili, utaanza kumharakisha mteja kwa ajili ya tumbo lako, naye atajua.